Margaret Pole: Aliyerudishiwa cheo, akaponzwa na damu

ASUBUHI ya Mei 27, 1541, mwanamke mwenye umri wa miaka 67 aliarifiwa ndani ya gereza la Mnara wa London kwamba angekatwa kichwa siku hiyo hiyo. Hakuwahi kufikishwa mahakamani. Alikuwa Margaret Pole, Countess wa Salisbury, ambaye miaka michache kabla ya hapo alihesabiwa miongoni mwa makabaila matajiri wa Uingereza.

Alizaliwa Agosti 14, 1473. Baba yake, George, Duke wa Clarence, alikuwa mdogo wake Mfalme Edward IV. Mama yake alikuwa binti wa Richard Neville, Earl wa Warwick na Salisbury, kabaila aliyekuwa na nguvu za kuweka na kuondoa wafalme. Nasaba hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yake na balaa lake.

Mwaka 1478 baba yake aliuawa kwa uhaini, kwa amri ya kaka yake mwenyewe. Mwaka 1485 Henry Tudor alitwaa kiti cha enzi vitani, akawa Henry VII. Akihofia kila mwenye damu ya wafalme waliotangulia, alimfunga Edward, mdogo wake Margaret, akiwa na umri wa miaka 10. Kijana huyo hakutoka tena. Alikatwa kichwa mwaka 1499.

Margaret mwenyewe aliozwa kwa Sir Richard Pole, mtu mwaminifu kwa mfalme mpya. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watano na kipato kidogo.

Neema ilirejea baada ya Henry VIII kutawazwa mwaka 1509. Mwaka 1512 alirudishiwa cheo cha Salisbury cha ukoo wa mama yake, pamoja na mashamba mengi. Lilikuwa jambo la nadra, kwani wanawake wengi wa tabaka hilo walipata vyeo kupitia waume zao, naye alikishika chake kwa haki yake mwenyewe. Baadaye alikabidhiwa malezi ya Mary, binti wa mfalme.

Mambo yaliharibika mfalme alipomwacha Malkia Catherine, mama yake Mary, na kumwoa Anne Boleyn. Mwaka 1533 Margaret aliamriwa kukabidhi vito vya Mary, akakataa. Alipoondolewa kazini, aliomba aendelee kumhudumia binti huyo kwa gharama zake mwenyewe, ombi lake likakataliwa.

Mwanawe Reginald, aliyekuwa Italia, aliandika kitabu cha kumshutumu mfalme, na mwaka 1536 Papa akamfanya kardinali. Mfalme hakuweza kumfikia, hivyo hasira zikawaangukia waliobaki nyumbani. Mwaka 1538 Geoffrey na Henry, watoto wengine wa Margaret, walikamatwa. Geoffrey alitoa ushahidi akanusurika, Henry aliuawa.

Margaret alihojiwa kwa ukali bila kukiri kosa lolote. Hata hivyo, mwaka 1539 Bunge lilipitisha sheria iliyomtia hatiani kwa uhaini na kumnyang'anya cheo na mali. Alikaa gerezani miaka miwili, kisha akauawa mikononi mwa mnyongaji asiyeijua kazi yake. Mwaka 1886 Papa Leo XIII alimtangaza mwenyeheri.

Cheo hicho hakikupotea. Mwaka 1605 kilitolewa upya kwa Robert Cecil, na mtu wa uzao wake, Lord Salisbury, ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mwaka 1890, Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya nchi hiyo. Jina hilo lilifika pwani ya Afrika Mashariki likiwa mikononi mwa ukoo mwingine. Alichotoa mfalme kiliweza kuchukuliwa na kupewa wengine. Damu aliyozaliwa nayo Margaret haikuweza kurudishwa, na ndiyo aliyoadhibiwa kwayo.