Carothers, daktari aliyeamini Mwafrika hapati sonona

Sonona ni huzuni nzito inayomkaa mtu na kumnyima nguvu ya kuishi. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kuwa Waafrika huipata kwa nadra. Mmoja wa walioieneza sana imani hiyo alifanya kazi kwa jirani zetu, Nairobi. Aliitwa John Colin Carothers.

Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1903, akasomea udaktari London, na mwaka 1929 akaja Kenya kama daktari wa serikali ya kikoloni. Mwaka 1938 alikabidhiwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, ingawa hakuwa amesomea magonjwa hayo. Mafunzo aliyapata baadaye, Uingereza.

Mwaka 1947 alichapisha hesabu ya Waafrika waliolazwa Mathari kati ya 1939 na 1943. Wenye sonona walikuwa wachache. Akaona sababu ni kwamba Mwafrika hajilaumu moyoni kama Mzungu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mawazo yake yakafika mbali. Daktari mwenzake Frantz Fanon aliyapinga vikali mwaka 1961.

Kosa lilikuwa wapi? Carothers aliwahesabu waliofika hospitalini. Enzi zile aliyefikishwa Mathari mara nyingi ni yule aliyezua fujo hadi akakamatwa. Mwenye sonona hazui fujo. Hujifungia ndani, shamba likaota magugu, na ndugu wakasema ni mvivu au amerogwa. Huyo hakuhesabiwa.

Watafiti John Orley na John Wing waliwafuata watu katika vijiji viwili vya Uganda. Matokeo yao ya mwaka 1979 yalionyesha sonona huko ni nyingi kuliko kusini-mashariki mwa London. Carothers alifariki miaka kumi baadaye, 1989.

Kosa lile linaweza kurudiwa hata leo, iwe hapa Kaloleni au vijijini chini ya Mlima Meru. Mgonjwa huja na kichwa kinachouma, moyo kwenda mbio, uchovu, au husema anawaza sana. Akipimwa malaria na kukutwa hana, anaweza kurudi nyumbani na dawa ya maumivu tu. Mhudumu makini huuliza zaidi: je, kwa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni, au umekosa hamu ya mambo uliyoyapenda? Usingizi na chakula vikoje? Unajiona huna thamani? Umewahi kuwaza kujiua? Kuuliza hilo la mwisho hakumtii mtu wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema. Pia hupima upungufu wa damu na matatizo ya tezi, maana nayo huchosha mwili.

Sonona inatibika. Wengine hupona kwa ushauri nasaha, peke yao au katika kikundi. Wengine huhitaji dawa kama fluoksetini au amitriptilini. Dawa hizi huchukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haziachwi ghafla hata ukijisikia nafuu.

Basi msikilizaji, ukienda kituo cha afya usitaje kichwa pekee. Taja na moyo. Na ndugu yako akisema amechoka kuishi, usimwache peke yake. Mpeleke siku hiyohiyo.