George Corner: Daktari aliyesoma siri ya hedhi kwa tumbili

Sindano ya uzazi wa mpango ambayo akina mama wengi huchomwa kila baada ya miezi mitatu ina dawa inayoiga homoni moja ya mwanamke, projesteroni. Leo tunamkumbuka mmoja wa watu wawili walioonyesha kazi ya homoni hiyo, Dakta George Washington Corner wa Marekani.

Corner alizaliwa Baltimore mwaka 1889, akasomea udaktari humohumo katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Zama hizo madaktari wengi waliamini kwamba yai la mwanamke hutoka siku za hedhi au karibu nazo, kama mbwa jike anavyotokwa na damu anapokaribia kupandwa. Kwa hiyo waliotafuta mtoto na waliotaka kupumzika kuzaa, wote walielekezwa siku zisizo zao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Corner alianza kuchunguza tumbili aina ya rhesus, kwa kuwa jike lake hupata hedhi kama binadamu, takriban kila siku 28. Alihesabu siku, akapasua, akaangalia ovari na utando wa ndani ya mji wa mimba. Akaona kwamba yai hutoka katikati ya mzunguko, na kwamba tumbili anaweza hata kupata damu bila kutoa yai lolote. Wanyama hao waliilipia elimu hii kwa maisha yao, na hatuoni sababu ya kulificha hilo.

Mwaka 1924 alihamia Chuo Kikuu cha Rochester. Huko yeye na mwanafunzi wake, Willard Allen, walichukua ovari za nguruwe, wakakamua kile kitezi cha manjano kinachobaki baada ya yai kutoka. Maji yake waliwadunga sungura waliotolewa ovari, kuona kama utando utajiandaa kupokea mimba.

Hapo ndipo kioja kilipotokea. Dawa aliyoijaribu Allen ilifanya kazi. Aliyoijaribu Corner, kwa njia ileile, iligoma. Mwalimu akashindwa na mwanafunzi! Sababu ilikuja kuonekana bandani: Corner alikuwa akichagua sungura wadogo, Allen wakubwa. Wale wadogo miili yao ilikuwa bado haijaandaliwa na estrojeni, na bila estrojeni kutangulia, utando hauitikii projesteroni.

Walichapisha kazi yao mwaka 1929. Corner akarudi kwa tumbili: akiwapa projesteroni, damu haitoki, akiikatiza, siku chache baadaye inatoka. Ndiyo maana mwanamke anayemeza vidonge vya uzazi wa mpango huona damu anapofikia vile visivyo na dawa.

Kuanzia mwaka 1940 aliongoza idara ya elimu ya viinitete ya Taasisi ya Carnegie, Baltimore. Alifariki Septemba 1981, akiwa na miaka 91.