Mfalme Louis na Maliwali Wake

Louis wa Tisa alizaliwa mwaka 1214 katika mji wa Poissy, karibu na Paris, katika nchi ya Ufaransa. Baba yake alikufa mwaka 1226, naye Louis akatawazwa hali bado ni mtoto wa miaka 12. Mama yake, Blanche, akaishika nchi kwa niaba yake mpaka alipokuwa mtu mzima.

Siku zile mfalme hakuweza kuwapo kila mahali. Kwa hiyo kila jimbo lilikuwa na liwali wake, na chini ya liwali walikuwapo maakida na askari. Hao ndio waliokusanya kodi, waliohukumu watu, na waliowafunga wakosaji. Lakini mwenye nguvu asiyeangaliwa hupotoka upesi. Wengi wao walitwaa mifugo na mashamba ya watu, wakatoza faini zisizo za haki, wakawatia gerezani watu wasio na kosa. Mnyonge angemshitaki nani, nao waliomdhulumu ndio waamuzi wake?

Mwaka 1244 Louis aliugua sana, hata wengine wakadhani amekwisha kufa. Alipopata nafuu aliweka nadhiri ya kwenda vitani katika nchi za mashariki. Lakini kabla ya kuondoka alitaka kwanza kuondoa dhuluma iliyotendwa kwa jina lake. Basi mwaka 1247 akatuma watu, wengi wao watawa maskini, wazunguke katika majimbo na kusikiliza mashitaka juu ya watumishi wa mfalme. Wakulima na wajane wakaja, maneno yao yakaandikwa, na wengi wakarudishiwa mali zao.

Mwaka 1248 akasafiri. Mwaka 1250, huko Misri, majeshi yake yalishindwa, naye mwenyewe akatekwa, akakombolewa kwa fedha nyingi. Hivyo mfalme naye akajua kufungwa ni nini.

Aliporudi kwao mwaka 1254 alitoa amri kubwa. Kila liwali aape mbele ya watu kwamba atahukumu sawasawa, tajiri na maskini. Asipokee zawadi, ila vyakula vichache tu. Asinunue ardhi katika jimbo lake, wala asimwoze mtoto wake huko bila ruhusa ya mfalme. Na atakapotoka kazini asiende zake mara moja, bali akae kwanza siku kadhaa, ili kila aliyedhulumiwa apate kumshitaki.

Wakubwa nao waliguswa. Mwaka 1259 bwana mmoja mwenye nguvu nyingi, Enguerrand wa Coucy, aliwakuta vijana watatu msituni kwake wakiwinda sungura kwa pinde na mishale. Walikuwa wageni kutoka Flanders, waliokuja kujifunza Kifaransa katika nyumba ya watawa. Akawanyonga bila hukumu. Louis akaamuru akamatwe. Wakubwa wenziwe wakamsimamia, naye akataka shauri liamuliwe kwa kupigana silaha, kama ilivyokuwa desturi. Mfalme akakataa, kwa kuwa katika mapigano hayo hushinda mwenye mkono wenye nguvu, si mwenye haki. Enguerrand akatozwa faini kubwa mno, na mamlaka yake ya kuhukumu makosa ya msituni yakaondolewa. Mfalme pia alipiga marufuku hukumu ya kupigana katika nchi zake mwenyewe.

Hata hivyo Louis hakuwa bila kosa. Wayahudi hawakuipata haki hiyo kwake; mwaka 1242 vitabu vyao vya dini viliteketezwa kwa moto mjini Paris.

Alikufa kwa maradhi karibu na Tunis mwaka 1270, akiwa tena safarini vitani, na mwaka 1297 akatajwa mtakatifu. Watu hawakumkumbuka sana kwa safari zake za vita vya msalaba, maana zote mbili alishindwa. Walimkumbuka akiketi chini ya mwaloni katika msitu wa Vincennes, na kila mwenye shauri, hata aliye maskini kabisa, akimkaribia bila kuzuiwa na askari.