GEORGE WASHINGTON CARVER: YATIMA ALIYEPATA AMANI KATIKA MIMEA



Kamati imetuomba sisi walimu tuandike, katika toleo hili la kumbukumbu, maisha ya mtu maarufu wa zamani ambaye twaweza kujifunza kwake. Majina yalitajwa mengi, ya wafalme na ya majemadari. Mwishowe tulimchagua mwalimu mwenzetu, George Washington Carver, Mmarekani mweusi, mtaalamu wa kilimo, aliyefariki mwaka 1943.

Sababu ya kumchagua ni hii. Kila tunapojaza fomu darasani, wako watoto wanaoinamisha vichwa wanapoulizwa siku ya kuzaliwa au mahali alipo mama. Hata sisi watu wazima, wengi wetu tumeandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa karatasi zetu zilibaki nyuma. Carver naye hakuijua siku yake ya kuzaliwa mpaka alipoingia kaburini. Tunataka watoto hao wajue aliishije.

KUZALIWA NA KUTEKWA

Carver alizaliwa karibu na mwaka 1864 katika shamba la Moses Carver, huko Diamond, jimbo la Missouri. Mama yake, Mary, alikuwa mtumwa. Moses Carver alimnunua mwaka 1855 kwa dola 700, naye Mary alikuwa bado msichana wa miaka kama 13. Baba yake George, kwa jinsi ilivyosimuliwa, alikuwa mtumwa wa shamba la jirani, akafa kwa ajali mtoto akiwa bado mchanga sana.

Wakati huo Wamarekani walikuwa wanapigana wenyewe kwa wenyewe, na Missouri ilikuwa mpakani mwa pande mbili. Magenge yalitembea usiku, yakichoma, yakiiba mali na watu. Usiku mmoja genge la namna hiyo lilimchukua Mary pamoja na mtoto wake, likawapeleka upande wa Arkansas. Moses Carver alimtuma mtu awafuatilie. Mtu huyo alirudi na mtoto peke yake, anakohoa na yu karibu kufa, akapewa farasi kuwa ujira wake. Mary hakuonekana tena. George hakupata kujua alikufa wapi, wala kama alikufa.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1865, George na kaka yake Jim walibaki kwa Moses na mkewe Susan, ambao hawakuwa na watoto wao, wakawalea. Jim alikuwa na nguvu, akafanya kazi za shamba. George alikuwa dhaifu wa kifua, akabaki nyumbani na Susan. Alijifunza kupika, kufua, kushona na kusoma herufi.

BUSTANI YA SIRI

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Mtoto huyu asiye na nguvu, mweusi ndani ya nyumba ya wazungu, alipomaliza kazi zake aliingia msituni peke yake. Alikusanya maua, mawe, wadudu na magome ya miti. Watu wa huko waliona kutunza maua ni kupoteza wakati, kwa hiyo akajitengenezea bustani yake vichakani, mahali pasipoonekana na mtu. Alihamishia humo mimea iliyonyauka, akijaribu kivuli, akijaribu jua, akibadilisha udongo mpaka ipone.

Haukupita muda majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyougua. Wakamwita daktari wa mimea. Ndugu msomaji, angalia jambo hili vizuri. Mtoto ambaye watu walimtambua kwa jina la bwana wake alipata jina lake la kwanza la heshima kutokana na kitu alichokipenda. Mmea haukumwuliza mama yake yuko wapi. Ulihitaji maji na mtu mwenye subira, naye alikuwa navyo vyote viwili.

NJIA NDEFU YA SHULE

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Akiwa bado mtoto alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Neosho, ilikokuwa shule ya weusi, akapokewa na Mariah Watkins na mumewe Andrew. Mama Mariah alikuwa mkunga aliyejua sana dawa za mitishamba. Kijana alipojitambulisha kuwa yeye ni George wa Carver, kama watumwa walivyozoea kutajwa, mama huyo alimkataza. Alimwambia kwamba tangu siku hiyo yeye ni George Carver, mtu mwenye jina lake mwenyewe, na kwamba akipata elimu airudishe kwa watu wake.

Kutoka hapo alihamahama katika jimbo la Kansas, akifua na kupika ili aweze kusoma. Mwaka 1879, mjini Fort Scott, alishuhudia kundi la watu wakimuua mtu mweusi kikatili. Akaondoka mjini. Sisi tuliokimbia hatuhitaji kuelezwa picha ya namna hiyo inakaaje kichwani. Yeye mwenyewe ilimfuata mpaka uzeeni.

Baadaye aliandika barua kwa chuo kimoja cha Kansas, akakubaliwa. Alipofika mlangoni wakamwona rangi yake, wakamrudisha. Twajua vijana wetu wangapi wamerudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi au kabila. Carver hakwenda kujificha kwa aibu. Mwaka 1886 alichukua ekari 160 katika uwanda wa Kansas magharibi, mahali pakavu pasipo na miti. Alijijengea nyumba ya mabonge ya udongo yaliyoshikana na mizizi ya nyasi, akalima kwa mkono ekari 17, na pembeni ya nyumba akaweka kibanda cha kutunzia mimea. Hata huko, mahali ambapo wengine waliona nyasi tupu, yeye aliona aina za kuchunguza na kuchora.

Mwaka 1890 aliingia Chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, kusoma uchoraji. Mwalimu wake, Etta Budd, aliona jinsi alivyochora mimea kwa uhakika, akamshauri asome kilimo. Mwaka 1891 akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika chuo cha kilimo cha Iowa, mjini Ames. Siku za kwanza hawakumruhusu kula pamoja na wanafunzi. Alikula chini na vibarua wa shamba. Mama mmoja mzungu aliyekuwa rafiki yake alipopata habari alisafiri kutoka Simpson, akaketi akala pamoja naye hukohuko chini. Kidogo kidogo wanafunzi wakamzoea na kumpenda. Mwaka 1893 mchoro wake wa mimea ulipata sifa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Chicago. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896, akiwa bingwa wa magonjwa ya mimea yaletwayo na kuvu.

ARDHI ILIYOCHOKA NA WATU WALIOCHOKA

Angeweza kubaki Iowa, mahali alipokwisha kuheshimiwa. Lakini mwaka 1896 Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha weusi cha Tuskegee, jimbo la Alabama, alimwita. Akakumbuka agizo la Mama Mariah, akaenda. Alikaa huko miaka 47.

Alikuta ardhi imechoka. Pamba ilikuwa imelimwa miaka na miaka, mvua ikachukua udongo wa juu, na wakulima weusi walikuwa na madeni ya mwenye shamba na ya duka. Chuo hakikuwa na maabara. Carver aliwatoa wanafunzi wake wakaokota majalalani chupa, mitungi na mabati, wakatengeneza vyombo vyao.

Fundisho lake lilikuwa jepesi. Panda kunde na karanga, kwa sababu mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyorudisha naitrojeni ardhini. Panda viazi vitamu upate chakula. Usikope pesa za mbolea ya dukani. Chukua majani ya msituni na tope la bwawani, uoze, urudishe shambani. Mwaka 1906 chuo kilianza kupeleka vijijini gari lililokokotwa na nyumbu, limejaa majembe, mbegu na vyombo, ili mkulima asiyeweza kufika chuoni afuatwe na chuo. Aliandika vijarida kwa lugha nyepesi, na kile cha karanga cha mwaka 1916 kilieleza njia 105 za kuziandaa. Alitengeneza rangi kutokana na udongo wa milimani, ili hata nyumba ya maskini ipendeze.

Tuseme ukweli hapa. Vitabu vingi vinasema Carver ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Si kweli, na mengi ya matumizi aliyoorodhesha yalijulikana kabla yake. Ukubwa wake haukuwa katika hilo. Ni kwamba alimwonyesha mtu aliyekata tamaa kuwa chini ya miguu yake mna kitu.

AMANI YAKE ILIVYOKUWA

Msidhani alikuwa malaika. Aligombana sana na mkuu wake kuhusu vyumba, banda la kuku na kazi za ofisi, na mara kadhaa alitishia kuacha kazi. Hakuoa, na mara nyingi alikuwa mpweke. Lakini kila siku, kabla ya mapambazuko, alikwenda msituni peke yake. Hapo ndipo aliposali. Aliamini kuwa Mungu husema na mtu kupitia viumbe vyake. Alirudi na mimea mkononi na ua kwenye koti lake kuukuu, tayari kufundisha.

Chumbani kwake alikuwa na gurudumu la kusokotea nyuzi lililokuwa la mama yake, Mary. Alilitunza maisha yake yote. Kwa hiyo tusiseme mimea ilimsahaulisha. Huzuni ilikuwa na mahali pake chumbani, na kazi ilikuwa na mahali pake shambani, naye aliishi na vyote viwili.

Mwaka 1942, wakati wa vita kuu, akiwa mzee, alitoa kijarida kuhusu mboga za porini zinazoliwa, ambazo watu huzing'oa na kuzitupa. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee. Akiba yake, takriban dola 60,000, aliiachia kazi ya utafiti. Mwaka huohuo serikali ya Marekani iliamua kuhifadhi shamba la Diamond kuwa ukumbusho wa taifa, wa kwanza kwa heshima ya Mmarekani mweusi.

Ndugu wasomaji, hatusemi kwamba kupanda maua kutaturudishia tulivyopoteza. Twasema hivi tu: Carver hakungoja kwanza akubaliwe ndipo ajikubali. Alianza na kipande kidogo cha ardhi kichakani ambacho hakikuwa chake.

Nyuma ya madarasa yetu pana sehemu ambayo wanafunzi wameanza kulima kunde na mchicha. Yuko mtoto mmoja, asiyesema sana, anayefika pale kabla ya kengele kutazama kama mbegu zake zimeota. Tunawaomba wazazi wasimwite mvivu, na watumishi wa mashirika wakipita wamwulize habari za kunde zake kabla ya kumwuliza habari za fomu.