Leakey na Magamba ya Konokono

Sisi wa Lambwe tukisikia jina la Daktari Louis Leakey huwaza mafuvu tu. Leo nataka niwasimulie maisha yake kwa kufuata vitu vidogo: magamba yaliyogeuka mawe.

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti, 1903. Wazazi wake walikuwa wamisheni, naye alikua akisema Kikuyu kama watoto wenzake. Mwaka wa 1924, akiwa bado mwanafunzi wa Cambridge, alikwenda Tendaguru, karibu na Lindi, kuchimba mifupa ya dainosari. Na hapo pana ajabu: matabaka yenye mifupa hiyo yamepishana na matabaka yaliyojaa makombe ya baharini. Kombe la bahari haliishi nchi kavu, jamani! Ndiyo maana wataalamu wanajua kwamba bahari ya kina kifupi ilifika pale, ikarudi, ikaja tena.

Mwaka wa 1932 alikuwa huku kwetu, Kanam, karibu na Mlima Homa. Mfanyakazi wake, Juma Gitau, akapata kipande cha taya la binadamu. Leakey akatangaza kuwa ni la kale mno. Lakini Profesa Boswell alipokuja kukagua mwaka wa 1935, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha hazikufaa. Aibu iliyoje! Mimi naona funzo liko hapa. Kisukuku, kiwe taya au gamba, kikishapoteza tabaka lake hakiwezi tena kutuambia kama palikuwa bahari, ziwa au msitu.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Leakey hakukata tamaa. Mwaka wa 1948 mkewe, Mary, alipata fuvu la Proconsul kisiwani Rusinga, alikozikwa Tom Mboya. Mnyama huyo wa jamii ya nyani aliishi kama miaka milioni 18 iliyopita. Aliishi wapi, msituni au mbugani? Fuvu peke yake halisemi. Mwaka wa 1963 Bernard Verdcourt alichapisha uchunguzi wa konokono wa kale wa Rusinga, akiwalinganisha na walio hai leo. Hawakuwa wa baharini. Na wale wa nchi kavu walionyesha kwamba palikuwa na miti na unyevu.

Leakey aliaga dunia London tarehe 1 Oktoba, 1972, akazikwa Limuru. Basi wenzangu, ukiona gamba limeng'ang'ania jiwe kando ya ziwa, usiling'oe. Liache papo hapo, kisha umwite mwalimu.