Denis Burkitt: Daktari mwenye jicho moja aliyefuatilia uvimbe wa taya kuanzia Kampala hadi kusini mwa Afrika

Mtoto anaamka asubuhi shavu limevimba. Huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, iwe Mwanza, Mara au Kagera, wazazi wengi hufikiria jino kwanza. Mtoto anapewa dawa ya maumivu, anakandwa na maji ya moto, wiki inapita. Mara nyingi ni jino kweli. Lakini wakati mwingine ni saratani, na kila siku inayopita inahesabika.

Saratani hiyo inaitwa limfoma ya Burkitt. Leo tunawaletea maisha ya daktari ambaye ugonjwa huo umepewa jina lake.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, kaskazini mwa kisiwa cha Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa wilaya, ambaye muda wake wa mapumziko aliutumia kuwavisha ndege pete za miguuni na kuchora ramani ya kila mmoja anakaa wapi. Ikumbukeni ramani hiyo, kwa sababu mtoto naye baadaye alichora ya kwake.

Akiwa mvulana, Denis alipoteza jicho moja baada ya kupigwa jiwe. Alipoingia chuo kikuu mjini Dublin alianza na uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho lake. Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyomfikisha huku, akiwa daktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1946 akapokelewa serikalini Uganda, akaanzia Lira, kisha akahamia hospitali ya Mulago, Kampala, kama daktari wa upasuaji.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita akamwone mtoto wa miaka mitano hivi. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu cha namna ile. Jipu la jino hukaa upande mmoja. Hili lilikuwa pande nne kwa pamoja.

Wiki chache baadaye alikuwa Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani. Alipotazama nje ya dirisha la hospitali akaona mama amekaa na mtoto wa kike mwenye uvimbe uleule wa uso. Akatoka kwenda kumpima, akakuta na tumboni mna uvimbe pia. Hapo akaacha kuamini kwamba yule wa kwanza alikuwa wa bahati mbaya tu.

Madaktari wengine walikuwa wamekwisha kuuona uvimbe huu. Albert Cook wa hospitali ya Mengo aliuandika katika kumbukumbu zake mwanzoni mwa karne ya 20. Lakini aliyeuona tayani alidhani ni ugonjwa wa taya, aliyeuona tumboni akadhani ni mwingine. Burkitt alipofungua majalada ya Mulago aliona kwamba watoto walewale wenye taya zilizovimba walikuwa pia na uvimbe kwenye figo, ini au jicho. Akaandika juu yake mwaka 1958. Muda si mrefu mtaalamu wa maabara, George O'Conor, akaonyesha kwamba ni saratani ya limfu, yaani ya chembechembe za kinga ya mwili.

Swali likawa: mbona Uganda wanaugua watoto wengi hivi, na Ulaya hawauguи?

Kwa ruzuku ndogo ya pauni chache, Burkitt alichapisha karatasi zenye picha za wagonjwa na kuzituma kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wameuona ugonjwa huo. Kila jibu lilipofika alichomeka pini kwenye ramani. Pini zikafanya mkanda katikati ya bara, wenye mkia unaoteremka upande wa mashariki.

Ili kujua mkanda huo unakatikia wapi, mwaka 1961 alinunua gari kuukuu aina ya Ford, akasafiri na madaktari wawili wamishonari, Ted Williams na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walikwenda kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda kuteremka hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakipitia Tanganyika. Waliingia katika hospitali zaidi ya 50 wakiuliza swali lilelile.

Walichokuta ni kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua. Karibu na ikweta, juu ya mita 1,500 hivi, ulipungua sana. Ziwa letu liko mita 1,134 kutoka usawa wa bahari, lina joto na mvua za kutosha, kwa hiyo mwambao wake wote uko ndani ya mkanda. Na nchi yenye joto na mvua ni nchi ya mbu. Wataalamu walipotazama Zanzibar, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita vikali, waliona ugonjwa huu ni wa nadra ingawa joto na mvua vipo. Malaria ikaanza kutiliwa shaka.

Wakati huohuo, mwaka 1961, Burkitt alitoa mhadhara London. Kati ya wasikilizaji alikuwemo mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Walikubaliana vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hapa tueleze vizuri. Karibu kila mtu duniani anakibeba kirusi hicho, na wengi hakiwadhuru. Lakini malaria ya mara kwa mara kwa mtoto huchosha kinga yake na kuzifanya chembe zinazobeba kirusi zizaane kupita kiasi. Moja ikiharibika, saratani huanza. Si uchawi, na mtoto mgonjwa hamwambukizi mwenzake saratani.

Habari kubwa zaidi kwa wazazi ilikuwa tiba. Kwa kisu, Burkitt hakuweza kuwaokoa watoto hawa, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa za saratani zilizokuwa bado mpya, kwa msaada wa madaktari kutoka New York. Watoto kadhaa, hata kwa dozi chache, uvimbe uliyeyuka ndani ya siku. Wengine ulirudi, wakafariki. Lakini wapo waliopona kabisa, miaka ambayo madaktari wengi duniani hawakuamini kwamba dawa peke yake inaweza kuponya saratani.

Kazi hiyo iliendelea hapa nyumbani. Kati ya 1977 na 1982, watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini ili kuona kama kuzuia malaria kutapunguza saratani hii. Wagonjwa walipungua, ila walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya mradi, na baadaye malaria ikaizoea dawa. Watafiti hawakuweza kutoa jibu la mwisho, ingawa matokeo hayakupingana na wazo la Burkitt.

Yeye mwenyewe alirudi Uingereza mwaka 1966. Huko alijulikana zaidi kwa kuwahimiza watu wale nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga, vyakula alivyoviona vijijini Uganda. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 akiwa na miaka 82.

Tumemkumbuka kwa sababu uvimbe ule bado upo kwetu. Ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote, na unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukiona shavu la mtoto limevimba na meno yanalegea bila sababu, jicho linatokeza, tumbo linajaa, au miguu imeishiwa nguvu ghafla, usisubiri. Mpeleke kituo cha afya, uulize kuhusu rufaa. Hospitali ya Bugando, Mwanza, hutibu saratani hii.

Na jioni, kabla ya kuzima taa, hakikisha mtoto amelala ndani ya chandarua.