Hurst: Mtaalamu aliyeyapangia maji ya Nile karne nzima

MAJI ya Ziwa Victoria yaliwahi kupangiwa kazi ya miaka 100 na mtu ambaye jina lake lingali latajwa katika vyuo vya uhandisi kote ulimwenguni: Harold Edwin Hurst.

Alizaliwa Januari 1, 1880, karibu na mji wa Leicester, Uingereza. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, lakini bidii ikamfikisha Chuo Kikuu cha Oxford, alikofuzu katika fizikia. Mwaka wa 1906 alielekea Misri, na akautumikia Mto Nile kwa zaidi ya nusu karne.

Enzi hizo, Bwawa la Aswan lililokamilika 1902 lilihifadhi maji ya msimu mmoja tu kwa matumizi ya msimu uliofuata. Je, ukame ukidumu miaka kadhaa, mkulima angenyunyizia nini mashamba yake? Ili kupata jibu, Hurst alisafiri hadi vyanzo vya mto akiupima. Kisha akapekua kumbukumbu za kina cha maji zilizowekwa katika kisiwa cha Roda, Cairo, tangu karne ya 7.

Takwimu hizo zilimfunulia kwamba miaka ya uhaba aghalabu haiji mmoja mmoja, bali hufuatana; vivyo hivyo miaka ya neema. Kwa hivyo, bwawa la kuhimili ukame mrefu sharti liwe kubwa kuliko hesabu za kawaida zilivyoonyesha. Matokeo hayo aliyachapisha 1951.

Awali, mnamo 1946, yeye na wenzake walikuwa wametoa mpango wa hifadhi ya karne. Maziwa ya Victoria, Albert na Tana yangegeuzwa hazina, nao mfereji wa Jonglei ungekwepesha maji yasipotee katika vinamasi vya kusini mwa Sudan.

Mpango huo ulilitazama bonde zima kama shamba moja, ila ghala lingekuwa huku na mlo kule. Kenya, Uganda na Tanganyika zilitawaliwa na Uingereza, ambayo kupitia mkataba wa 1929 ilikuwa imeipa Misri kura ya turufu juu ya maji hayo. Wavuvi na wakulima wa ufuoni hawakuwa na usemi.

Bwawa la Owen Falls mjini Jinja, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, lilifunguliwa 1954. Lakini baada ya mapinduzi ya 1952, Misri iliamua kuweka akiba yake ndani ya mipaka yake, ikajenga Bwawa Kuu la Aswan kati ya 1960 na 1970. Uchimbaji wa mfereji wa Jonglei ulianza 1978, ukakwamishwa na vita vya Sudan vilivyozuka 1983.

Hurst aliaga dunia Desemba 1978 akiwa na umri wa miaka 98. Mvua ilipoadimika Ethiopia kwa miaka kadhaa katika miaka ya 1980, Misri ilinusurika kwa akiba ya Aswan, na hesabu za mzee huyo zikathibitika. Kilichobakia ni swali ambalo takwimu zake hazingeweza kulijibu: nani ana haki ya kuyagawa maji ya mto unaomilikiwa na wengi?